Bei za Nyumba Zimeshuka Toronto: Je, Mnunuzi wa Kwanza Anaweza Sasa?

Februari 2022, nyumba ya wastani katika Toronto na vitongoji vyake iliuzwa kwa takriban dola milioni 1.33 za Kanada. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025, wastani wa kila mwezi ulikuwa kati ya milioni 1 na milioni 1.1. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili huko Ontario, ziwe zimetoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi au Rwanda, habari hiyo imezua swali linaloulizwa misikitini, makanisani na kwenye vikao vya harusi: je, sasa ni zamu yetu?

Kwa baadhi yetu jibu ni ndiyo. Lakini bei iliyobandikwa kwenye tangazo ndiyo inayokwambia machache kuliko vyote. Kinachoamua ni malipo ya kila mwezi, kipimo cha benki, na miaka utakayoweza kuishi ndani ya nyumba hiyo bila kulazimika kuiuza. Mwenye kuyapima hayo matatu kabla ya kumpigia dalali simu ndiye anayefaidika bei zinaposhuka. Asiyeyapima anaweza kununua nyumba ya bei poa na bado ikamshinda. (Dola zote humu ni za Kanada.)

Bei ilishuka, malipo yakapanda

Nyumba hazikuanza kushuka bei kwa sababu zilikuwa zimejaa sokoni. Zilianza kushuka kwa sababu Benki Kuu ya Kanada ilipandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa Machi 2022 hadi asilimia 5 ilipofika Julai 2023. Mkopo ukawa ghali, wanunuzi wakashindwa kukopa kiasi kilekile, na wauzaji wakalazimika kupunguza. Kilichoshusha bei ndicho kilichopandisha rejesho la kila mwezi, ndiyo maana wengi waliosubiri bei ishuke walipofika dukani walikuta mzigo umezidi.

Tufanye hesabu. Mwanzoni mwa 2022 nyumba ni dola 800,000. Unatoa asilimia 20, yaani 160,000, na kukopa 640,000 kwa riba ya asilimia 2.5 kwa miaka 25. Kila mwezi unalipa takriban 2,870. Mwishoni mwa 2023 nyumba ileile imeshuka kwa asilimia 15, sasa ni 680,000. Unatoa 136,000 na kukopa 544,000, lakini riba imefika asilimia 5.8. Rejesho ni takriban 3,420. Bei imepungua kwa dola 120,000, na wewe unalipa dola 550 zaidi kila mwezi.

Kisha Juni 2024 Benki Kuu ikaanza kupunguza, na kufikia Oktoba 2025 riba yake ilikuwa asilimia 2.25. Tuseme nyumba hiyo imeshuka tena hadi 640,000 na umepata mkopo wa asilimia 4.2. Unatoa 128,000, unakopa 512,000, unalipa takriban 2,750 kwa mwezi. Hapo ndipo bei na riba zinapomwendea mnunuzi vizuri kwa pamoja, na ndiyo sababu swali la zamu yetu lina maana leo kuliko lilivyokuwa 2023.

Jambo moja la kukumbuka: riba isiyobadilika ya miaka 5, ambayo familia nyingi huipenda, hufuata zaidi soko la hati fungani za serikali kuliko tangazo la Benki Kuu. Inaweza kupanda wiki ileile ambayo Benki Kuu imepunguza. Kwa hiyo ukipata ahadi ya riba kutoka benki au kwa dalali wa mikopo, omba ishikiliwe kwa maandishi. Wengi huishikilia kwa siku 90 hadi 120, na ikishuka katikati unaweza kuomba ile ya chini.

Kipimo cha benki

Hapa ndipo ndoto nyingi hukwama, na watu hawaelezwi mapema. Benki haikupimi kwa riba utakayolipa. Inakupima kwa riba hiyo ukiongeza asilimia 2, au kwa asilimia 5.25, yoyote iliyo kubwa. Mkopo wa asilimia 4.2 unapimwa kana kwamba ni asilimia 6.2. Kwa mikopo yenye bima, yaani ile ya malipo ya awali chini ya asilimia 20, rejesho hilo la kipimo, pamoja na kodi ya jengo, gharama ya kupasha nyumba joto na nusu ya ada ya kondo (fleti unayoimiliki ndani ya jengo la pamoja), lisizidi asilimia 39 ya mapato yenu kabla ya makato. Ukijumlisha na madeni mengine yote, lisizidi asilimia 44.

Chukua mume na mke, wote wanahudumia wazee, kila mmoja analipwa dola 25 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Kwa mwaka wanaingiza 104,000. Asilimia 39 yake ni 3,380 kwa mwezi. Toa dola 470 za kodi ya jengo na joto, zinabaki 2,910. Kwa mkopo wa miaka 30 na malipo ya awali ya asilimia 5, kiasi hicho kinawafikisha kwenye nyumba ya takriban 484,000. Wakichagua kondo yenye ada ya 600 kwa mwezi, uwezo wao unashuka hadi takriban 434,000. Ada hiyo peke yake imemeza dola 50,000 za uwezo wao wa kununua. Nyumba ile ya 640,000, kwa malipo ya awali ya chini kabisa, ingehitaji kaya yenye mapato ya zaidi ya 131,000.

Sasa wachukue gari kwa mkopo, dola 650 kwa mwezi, kama wengi tunavyofanya theluji ya kwanza inapotuzidi nguvu kwenye kituo cha basi. Kati ya asilimia 39 na 44 wana nafasi ya dola 433 tu za madeni mengine. Zinazozidi, 217, zinakatwa kwenye uwezo wa nyumba, na bei wanayoweza kuifikia inapungua kwa takriban dola 36,000. Sisemi usiwe na gari. Nasema kama nyumba iko kwenye mipango ya miezi 18 ijayo, gari la zamani linalowaka ni rafiki yako.

Mapato yenyewe pia yana masharti. Saa za ziada na kazi ya pili kwa kawaida huhesabiwa ukionyesha historia ya miaka miwili. Anayeendesha teksi au kusafirisha vyakula kwa programu ya simu huombwa karatasi za kodi za miaka miwili, na benki huangalia kilichobaki baada ya matumizi aliyoyatangaza. Ukitangaza matumizi makubwa ili kodi ipungue, benki nayo itakuona maskini. Chagua mapema lipi unalihitaji zaidi.

Na kuna deni ambalo benki hailiulizi: pesa unayotuma nyumbani. Ada ya shule ya mdogo wako, dawa za mama, mchango wa msiba. Kwenye fomu ya mkopo hakuna mstari wake, kwa hiyo benki inaweza kukuambia unaweza wakati wewe unajua huwezi. Kaa na taarifa zako za benki za mwaka mzima, jumlisha ulichotuma, gawa kwa 12, na ukitoe kabla hujakubali kiwango cha mkopo.

Kondo: bei iliyoanguka zaidi, na mitego yake

Katika Toronto kondo ndizo zilizoumia sana. Wawekezaji walionunua kwa ajili ya kupangisha waliona riba ikila kodi yote ya mpangaji, wakaanza kuuza, na majengo mapya yaliyoanzishwa miaka ya bei nzuri yakakamilika wakati wanunuzi wamekimbia. Kwa familia yenye uwezo wa 434,000, huo ndio mlango uliofunguka. Lakini vyumba vingi kati ya hivyo vilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja, na familia yenye watoto watatu haitaishi ndani ya mita za mraba 45 kwa miaka mingi.

Kabla ya kufunga mkataba wa kondo, wakili wako aombe cheti cha hali ya jengo. Hati hiyo huonyesha kama mfuko wa akiba wa jengo unatosha, kama kuna kesi mahakamani, na kama wamiliki wamepangiwa mchango wa dharura. Lifti zikifa au kuta za maegesho ya magari zikianza kuvuja na mfuko uko mtupu, kila mwenye chumba atatozwa, pengine maelfu ya dola kwa mkupuo. Kondo iliyoshuka bei kuliko jirani zake mara nyingi ina sababu, na sababu hiyo imeandikwa humo.

Kuhusu kondo za ramani, zile zinazouzwa kabla ya kujengwa, nina msimamo mkali: mnunuzi wa kwanza mwenye akiba ndogo asiziguse soko linaposhuka. Tazama kilichowapata walionunua 2021 na 2022. Mtu alikubali bei ya 700,000 na kulipa 140,000 kidogo kidogo. Jengo likakamilika, mthamini wa benki akasema chumba kina thamani ya 560,000. Benki hukopesha kwa thamani ya siku hiyo, si kwa bei ya mkataba. Asilimia 80 ya 560,000 ni 448,000. Pamoja na 140,000 aliyokwisha kulipa ana 588,000, na bado anatakiwa kutafuta 112,000 taslimu. Akishindwa, anapoteza malipo yake na mjenzi anaweza kumshtaki kwa hasara iliyobaki. Kama tayari umesaini, sheria ya Ontario inakupa siku 10 za kujitoa katika kondo mpya unayonunua kwa mjenzi. Zitumie kumpelekea wakili mkataba, si kusherehekea.

Na ikiendelea kushuka?

Inaweza. Bei ya wastani ya Toronto ya mwaka 1989 haikurudi mpaka 2002. Waliouziwa wakati ule na wakabaki ndani hawakufukuzwa na mtu. Walioumia ni waliolazimika kuuza katikati.

Turudi kwenye ile nyumba ya 640,000, safari hii kwa malipo madogo kabisa yanayoruhusiwa. Sheria inataka asilimia 5 ya dola 500,000 za kwanza na asilimia 10 ya kiasi kinachozidi hapo, mpaka nyumba ya milioni 1.5. Hapa ni 39,000. Kwa kuwa hujafikia asilimia 20, lazima mkopo ukatiwe bima, na kwa mkopo wa miaka 25 bima hiyo ni asilimia 4, takriban dola 24,000 zinazoongezwa juu ya deni. Unaanza ukidaiwa takriban 625,000. Nyumba ikishuka kwa asilimia 10 mara tu baada ya kununua, thamani yake ni 576,000. Ukiuza, hutoki na kitu, na benki inakudai karibu dola 49,000 juu yake.

Lakini usipouza? Kwa riba ya asilimia 4.2, baada ya miaka 5 ya kulipa deni lako limeshuka hadi takriban 546,000, chini ya thamani ile iliyoanguka. Kwa hiyo swali si kama bei itashuka tena, maana hilo hakuna anayelijua. Swali ni kama kazi yako, ndoa yako, ukubwa wa familia yako na mji unaoishi vinaonekana vitadumu kwa miaka 5 au zaidi. Anayefikiria kuhamia Alberta mwakani apange nyumba kwanza. Kuvunja mkopo wa riba isiyobadilika kabla ya muda nako kuna faini: riba ya miezi mitatu au tofauti ya riba kwa muda uliobaki, ile iliyo kubwa, na inaweza kufika maelfu mengi ya dola.

Wanunuzi wa kwanza wanaweza kuchukua mkopo wa bima wa miaka 30 tangu tarehe 15 Desemba 2024. Kwa nyumba hii rejesho linashuka kutoka takriban 3,360 hadi 3,050 kwa mwezi. Ni nafuu ya kweli, ila deni linapungua polepole zaidi, kwa hiyo ule muda wa hatari ya kudaiwa kuliko thamani nao unarefuka.

Faida isiyotajwa sana ya soko kushuka ni muda. Mwaka 2021 watu walinunua bila ukaguzi na bila sharti lolote kwa kuogopa kupitwa. Leo unaweza kuandika kwenye ofa kwamba ununuzi unategemea benki kukubali mkopo na mkaguzi kuridhika na nyumba. Usikubali dalali akushawishi uyaondoe. Mkaguzi apande darini, aangalie nyaya za zamani, paa, na unyevu wa chumba cha chini ya ardhi. Na uulize jambo dogo linalowaumiza wageni wengi Ontario: je, tangi la maji ya moto ni la nyumba au limekodishwa? Likiwa la kukodi, mkataba wake unaweza kukufuata wewe miaka kadhaa.

Kodi ya ununuzi na ile nyumba ya nyumbani

Weka pembeni pesa za siku ya kukabidhiwa funguo, maana hizi hazikopeshwi. Kuna ada za wakili, bima ya hati, na kodi ya jimbo ya asilimia 8 juu ya ile bima ya mkopo. Kubwa zaidi ni kodi ya kuhamisha umiliki. Kwa nyumba ya 640,000 Ontario hutoza 9,275. Ukinunua ndani ya mipaka ya jiji la Toronto, jiji nalo hutoza kiasi hichohicho, jumla 18,550. Mnunuzi wa kwanza hurudishiwa hadi 4,000 na jimbo na hadi 4,475 na jiji, na hapo zinabaki 10,075. Ukivuka barabara ukaingia Mississauga, kodi ya jiji haipo kabisa.

Lakini soma sharti la marejesho ya Ontario kwa makini. Mnunuzi wa kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Nyumba uliyojenga Kibaha, fleti uliyoandikishwa na baba Mombasa, hisa ya urithi kwenye nyumba ya Bujumbura, zote zinaweza kukutoa. Hata nyumba ambayo mwenzi wako aliimiliki wakati mmekwisha oana inahesabiwa. Wapo wanaotia saini kwamba hawajawahi kumiliki kwa kudhani nyumba ya Afrika haihusiki. Tamko hilo ni la kisheria, na anayesema uongo anaweza kudaiwa kodi yote na adhabu. Mwambie wakili ukweli kabla hajajaza fomu.

Asiye na ukaazi wa kudumu ana ukuta mwingine. Sheria ya shirikisho inazuia wageni wengi kununua nyumba za kuishi hadi tarehe 1 Januari 2027, na Ontario hutoza wageni kodi ya asilimia 25. Wakimbizi waliokwisha kukubaliwa na baadhi ya wenye vibali vya kazi wana misamaha. Hilo nalo aulizwe wakili kabla ya kutoa hata dola moja.

Kwa Waislamu wanaokwepa riba, zipo kampuni na vyama vya ushirika vinavyonunua nyumba pamoja nawe na kukuachia hisa zao polepole. Mara nyingi hutaka malipo ya awali makubwa zaidi kuliko asilimia 5, na gharama kwa mwezi huweza kuzidi ya benki. Soma mkataba wote, hasa kipengele kinachosema nani anabeba hasara bei ikishuka. Katika soko hili hicho ndicho kipengele kizito kuliko vyote.

Pesa ya kuanzia

Benki nyingi huomba taarifa za akaunti za siku 90 kuonyesha malipo ya awali yalikotoka. Hapo upatu, chama, likelemba, vyovyote mnavyouita, huleta kizaazaa. Dola 20,000 zinaingia kwa mkupuo kutoka kwa watu 20, na karani anauliza hizi ni za nani. Dawa ni kupokea zamu yako mapema, zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuomba mkopo, na kuweka daftari lenye majina na michango. Kama zamu yako imekuja mwanzo na bado unachangia, hilo ni deni, ulihesabu. Zawadi kutoka kwa mzazi au ndugu wa karibu inakubalika kwa barua inayosema hairudishwi, na barua hiyo iwe kweli.

Kwa ambao hesabu imeonyesha bado, kuna akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza, maarufu kwa herufi FHSA, iliyoanzishwa Aprili 2023. Kila mmoja anaweza kuweka hadi 8,000 kwa mwaka na 40,000 kwa jumla, kwa hiyo mume na mke ni 80,000. Unachoweka kinakatwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na ukikitoa kununua nyumba hakitozwi. Anayelipwa 52,000 akiweka 8,000 hupunguza kodi yake kwa takriban dola 1,500. Sharti lake ni jepesi kuliko lile la Ontario: linauliza kama mwaka huu au miaka 4 iliyotangulia uliishi kwenye nyumba uliyoimiliki, kwa hiyo mwenye nyumba Kibaha ambaye ameishi Kanada kwa kupanga miaka 5 bado anaweza kuifungua. Mwenye akiba ya uzeeni ya RRSP naye anaweza kutoa hadi 60,000 kwa nyumba ya kwanza, na kuzirudisha kwa miaka 15.

Nafasi ya kuweka akiba kwenye FHSA haianzi kuhesabiwa mpaka uifungue. Ukiifungua tarehe 31 Desemba ukiwa na dola 50 tu mfukoni, nafasi ya mwaka huo unayo, sehemu uliyobakiza inakufuata, na kesho yake unaongezewa 8,000 nyingine. Ukiifungua Januari, mwaka uliopita umekwenda bure. Chukua kitambulisho na namba yako ya bima ya jamii, nenda benki yako kabla mwaka haujafungwa.